Fishi za Mjomba André

Kasongo, tarehe 10 Septemba 1956

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri katika kitubio. Mjomba wangu André, mtafsiri wa misioni, haoni tena maandishi. Anaona mlango, anaona kuku akipita uani, anaona kama mtu aliyesimama mbele yake ni mrefu au mfupi. Lakini karatasi kwake ni ukungu mtupu tangu Pasaka. Kila alichopeleka katika biro, ofisi ya Padri Odilon, tangu mwezi wa saba nimekisoma mimi na kukiandika mimi, kwa mwandiko niliouiga kwake.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni mbaya zaidi. Kila jioni tunasali rozari kwa ajili ya macho yake. Mimi ndiye ninayeongoza, naye anaitikia kwa sauti nzito, na kila nikifika mwisho moyo wangu unasema: si upesi, Bikira Maria, si upesi. Akipona leo, kesho mimi narudi kwenye sufuria.

Nina miaka kumi na saba. Nilimaliza shule ya masera, watawa wa kike, mwezi wa sita. Mama, aliye Kabambare, alinituma huku nimpikie kaka yake kwa sababu ni mjane na hana mtoto. Alisema ni kwa miezi michache. Sijamwandikia nilichokikuta.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana huu. Watu wametoka mbio na majembe kama walioitwa kwa ngoma.

Tarehe 13 Septemba

Kazi yenyewe ni hii. Masera wa materinite, hospitali ya wazazi, wameandika kwa Kifaransa kitabu kidogo cha akina mama: namna ya kumwogesha mtoto, kumnyonyesha, kumwangalia akiwa na homa. Padri anataka kiwe katika Kiswahili cha hapa kabla ya mwezi wa tatu, kipelekwe mpaka Kabambare na vijiji vyake.

Majina hayatusumbui. Kichwa ni kichwa, goti ni goti. Vinavyotusumbua ni vitenzi. Kifaransa kina vitenzi vichache vinavyofanya kazi za watu wengi, kama mtumishi mmoja katika nyumba ya wazungu kumi. Mkubwa wao ni prendre. Kamusi ya shule inasema ni kutwaa, yaani kukamata kama tunavyosema hapa. Lakini katika kitabu cha masera ni prendre mtoto anapolishika ziwa, ni prendre mama anapomeza dawa, ni prendre anapooga, ni prendre masera anapopima homa, ni prendre mtoto anaponenepa, na ni prendre tena anapopatwa na baridi.

Mjomba ana njia yake. Kila matumizi ya kitenzi yana fishi yake, yaani kikaratasi kigumu tunachokata kwenye majalada ya kaye za zamani, daftari za shule. Mbele naandika sentensi nzima ya Kifaransa, kamwe si kitenzi kitupu. Nyuma naandika Kiswahili. Fishi zinakaa katika mikebe ya biskuti, mkebe mmoja kwa kitenzi kimoja.

"Mutu akikuuliza prendre ni nini," Mjomba aliniambia, "mujibu: nani, anaprendre nini, wapi. Kama hajui, arudi kwao akaulize."

Tarehe 16 Septemba

Prendre: fishi tisa. Mvua.

Tarehe 20 Septemba

Fishi ikiisha kuandikwa bado haijawa kitu. Lazima ionjwe.

Tunaonja kwa Mama Feza, jirani yetu wa upande wa msikiti. Ni mkunga, amepokea nusu ya mtaa huu, Waislamu na Wakristo. Alasiri wanawake wanne au watano hukutana uani kwake kutwanga na kupeta mchele wa jioni. Mjomba anakaa kwenye kiti kando ya mlango, amegeuza uso kidogo kama inavyompasa mwanamume kati ya wanawake, na mimi nasoma. Hatuwaulizi lolote. Tunasikiliza nyungo. Zikiendelea kupeta, sentensi imepita. Ungo ukisimama, sentensi ina mfupa.

Leo nilisoma kwa mara ya kwanza mbele yao. Hapo nyuma Mjomba alikuwa akisema mwenyewe, nami namnong'oneza.

"Mutoto wa masera anasoma kama panya," Mama Feza akasema. "Weye Ernestine, fungua kinywa. Tunapeta muchele, hatupeti hewa."

Nikasoma tena: "Mama akamate vidonge viwili asubuhi." Nyungo zote zikasimama.

"Avikamate, halafu?" akauliza Mama Feza. "Kwani vinakimbia?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga mchele. Uso uliniwaka. Lakini nyuma ya fishi nilifuta nikaandika *ameze*, nikasoma upya, na nyungo zikaenda. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuizoea.

Tarehe 2 Oktoba

Nimekutana na Moniteri Gérard, anayefundisha wavulana wa darasa la tano. Padri amempa nusu ya pili ya kitabu kile, ili kazi iende haraka. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ina makali. Aliniita Mademoiselle Ernestine. Hakuna mtu anayeniita hivyo.

Akanionyesha jedwali lake. Amelipiga kwa rula na wino mwekundu: kushoto Kifaransa, kulia Kiswahili. Prendre, kukamata. Rendre, kurudisha. Passer, kupita.

"Neno moja, jibu moja," alisema. "Wanafunzi wangu wakipata majibu mawili wanapotea. Mjomba wako anachekesha watu kwa kupeleka kazi ya Padri uani kwa wanawake wa kutwanga."

Nilikuwa na mambo saba ya kumjibu. Nikasema, "Ndiyo, Moniteri." Nimejichukia njia nzima.

Tarehe 3 Oktoba

Mambo yale sasa ni tisa.

Tarehe 11 Oktoba

Mvua siku nne. Barabara ya Kabambare imekatika, malori ya pamba yamelala njiani. Prendre: fishi kumi na saba. Rendre: sita. Mjomba amenifundisha *kucheua*, neno ambalo nililijua kwa mbuzi tu. Masera wanaandika kwamba mtoto "anarendre" maziwa kidogo baada ya kunyonya. Kumbe Mama Feza na wenzake wanasema mtoto amecheua, na wakisema hivyo hakuna anayeogopa. Mtoto akitapika, hapo wanavaa viatu kumkimbiza materinite.

Tarehe 28 Oktoba

Kila Jumamosi Padri humwita Mjomba biro amsomee kurasa za wiki. Kwa hiyo Ijumaa nzima namsomea ukurasa mpaka aushike wote kichwani. Ninakata pembe ndogo ya karatasi, juu kulia, ili vidole vyake vijue wapi ni juu. Kisha anakwenda, anaikunjua mbele ya Padri, anainama kidogo, anasema kila neno bila kosa, hata mahali pa kupumua. Hakuna anayeweza kushuku.

Nikamwambia, "Mjomba, tumwambie Padri. Ni mtu mwema."

"Ni mwema," akasema. "Lakini nyumba hii ya matofali ni ya mutafsiri. Mutafsiri asiyeona ni nini? Watatuweka kwenye lori pamoja na mikebe yetu. Mimi nitarudi kwa dada yangu kama mzigo, na weye utaolewa kabla ya mavuno. Nyamaza, muipwa wangu."

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa ajili yake peke yake.

Tarehe 9 Novemba

Mpunga umefika magotini.

Tarehe 15 Novemba

Padri Odilon alikuja mwenyewe na baiskeli, tope mpaka kwenye ndevu. Amesoma kurasa zetu na za Gérard pamoja, na ameona kwamba kitabu kimoja kinazungumza kwa vinywa viwili. Hawezi kupiga chapa kitu kama hicho. Ameamua kila mmoja atafsiri sura ya nne, ile ya kunyonyesha. Mwezi wa kwanza, baada ya mavuno kuanza, zitasomwa mbele ya akina mama uani pa materinite. Itakayofaa ndiyo itakayoongoza kitabu chote. Aliyeitafsiri atabaki kuwa mtafsiri wa misioni.

"Na mwingine?" Mjomba akauliza.

"Mwingine atapumzika," Padri akasema kwa upole. Nadhani alimfikiria Gérard, ambaye ana shule yake. Hakujua kwamba sisi hatuna mahali pa kupumzika.

Tarehe 16 Novemba

Sikulala vizuri. Lakini niliposoma sura ya nne asubuhi niliona naijua. Hii ni sura yangu. Ina prendre kumi na mbili, rendre tatu, passer tano. Zote zina fishi.

Tarehe 4 Desemba

Leo kwa Mama Feza nilisoma ukurasa mzima bila kutazama chini. Katikati nikasahau kwamba nasoma. Nyungo hazikusimama hata mara moja. Mama Feza alipomaliza akapangusa mikono.

"Sasa iko mutu anasema," alisema, na hakutania.

Miongoni mwa wanawake alikuwa Mado, mke wa Moniteri Gérard, mwenye mimba ya miezi saba. Sikujua ni yeye mpaka alipoondoka. Kwa hiyo mumewe atajua kila neno tunaloonja. Nilitaka kukasirika, nikakosa sababu. Mado alikuja kutwanga kama wengine, na ameniachia ndizi tatu.

Tarehe 19 Desemba

Ndege wameshambulia mpunga. Mtaa mzima unapiga mabati.

Tarehe 27 Desemba

Nilimkuta Gérard kanisani peke yake, ameketi na jedwali lake magotini. Kwa mara ya kwanza hakuniita Mademoiselle. Aliniuliza kama Mjomba ana maneno mangapi kwa passer.

"Kumi na moja," nikasema.

Akalikunja jedwali lake. Kisha akasema alijifunza Kifaransa mbali na kwao, kwa mwalimu aliyempiga kiboko kwa kila jibu la pili. Jibu la kwanza ndilo jibu. La pili ni ujeuri. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nikayatazama makali ya suruali yake nikaona kwamba labda si majivuno. Labda ni mtu anayejihadhari.

Hata hivyo, kukamata ziwa ni upuuzi.

Tarehe 8 Januari 1957

Mavuno yameanza. Mjomba ameshika sura yote kichwani, kurasa tatu. Ameanza kuisema hata akioga mtoni.

Tarehe 24 Januari

Naandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka kitu sitarudi kukitazama.

Tulifika materinite saa tatu. Padri alikuwa ameomba akina mama waje na kazi zao. Mjomba alimwomba hivyo, akimwambia ni desturi yetu ya kuonja. Walikuwa kumi na mmoja, wengine na watoto mgongoni, wote na nyungo, mchele mpya umejaa vikapu. Mama Feza alikuwa katikati yao, na Mado kando yake, amechoka na tumbo. Mimi nilikaa chini kati yao. Wanaume watatu walikuwa kwenye baraza: Padri, Gérard, Mjomba.

Padri alikuwa amezipiga sura zote mbili kwa mashini yake mwenyewe, ili mwandiko usimpendelee mtu. Akatoa karatasi kwenye bahasha, akampa kila mmoja zake. Sikupata nafasi ya kukata pembe, lakini hilo sikuliogopa, kwa kuwa Mjomba hakuhitaji karatasi.

Nikaona jambo. Sura yetu ni kurasa tatu zilizojaa mpaka chini. Karatasi alizoshika Mjomba zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa nyeupe kuanzia nusu. Zilizo tatu alikuwa nazo Gérard. Padri alizibadilisha makusudi. Baadaye alisema alitaka kila mmoja asome kazi ya mwenzake, sauti isimsaidie mwenye kazi. Gérard alitazama zake mara moja, akainua macho, akaelewa, akangoja. Mjomba hakutazama chochote. Alikunjua karatasi, akainama kidogo kama kila Jumamosi.

Nilijua dakika nzima kabla ya watu wote. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuinuka kuomba maji. Nilikaa.

Mjomba akaanza. "Mtoto akiisha kunyonya, mwegemeze begani, umpapase mgongo taratibu. Akicheua kidogo, usiogope. Vumilia, kisha mpe tena. Akitapika kila anaponyonya, mlete materinite siku hiyo hiyo..."

Hajawahi kusema vizuri vile. Nyungo kumi na moja zilipeta kwa pamoja. Hakuna ungo uliosimama. Mwanamke mmoja akatikisa kichwa kumkubali, kana kwamba dada yake ndiye anayemwambia. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilisahau hatari nikasikiliza maneno yangu yakienda.

Alipomaliza, Gérard akasema kwa sauti ndogo, "Padri, hayo siyo yaliyoandikwa hapo."

Padri akachukua karatasi. Akazitazama. Akamtazama Mjomba.

"André, nisomee mstari wa tatu."

Mjomba akarudishiwa karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Nyungo zikasimama zote. Nimesikia nyungo zikisimama mara nyingi tangu mwezi wa tisa, lakini sikuwahi kuusikia ukimya wa namna ile. Kidole chake kilienda juu ya karatasi, upande wa kulia, kikitafuta pembe iliyokatwa. Hapakuwa na pembe.

Nikasimama.

"Padri," nikasema, "Mjomba haoni maandishi. Tangu Pasaka. Mimi ninamsomea Kifaransa, yeye anatafuta neno, tunalileta kwa akina mama, mimi naandika. Hayo aliyosema ni sura yetu. Iko mikononi mwa Moniteri. Tazama."

Nilisema kwa sauti ya uani kwa Mama Feza. Nadhani walinisikia barabarani.

Padri akamgeukia Gérard. Alimwomba asome karatasi za Mjomba alizoshika, kisha zile zake mwenyewe. Gérard alisoma. Zetu alizisoma bila kupumua na nyungo zikaenda polepole. Zake: "Mtoto akiisha kukamata ziwa, mkamate begani. Akirudisha kidogo, mama akamate uvumilivu. Baridi ikimkamata mtoto..."

"Moniteri," Mama Feza akasema, "hapa iko materinite ao iko kituo cha polisi?"

Akina mama walicheka. Mado hakucheka. Alitazama ungo wake, na nikaona Gérard anamtazama yeye, si sisi. Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

Padri akakusanya karatasi zote. "Nitafikiri," akasema.

Njiani Mjomba hakunishika bega kama kawaida. Alitembea mbele na fimbo, akajikwaa mara mbili, akakataa mkono wangu. Mlangoni akasema neno moja tu kwa jioni yote:

"Umenivua nguo mbele ya wanawake."

Tarehe 25 Januari

Hajala.

Tarehe 26 Januari

Amekula kwa jirani.

Tarehe 27 Januari

Nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki wa Nyangwe anaowapenda. Aliuliza hewani nani amepika. Nikasema ni mimi. Akasema hana njaa.

Ninafikiri. Mkubwa akifunikwa na aibu, mdogo hamfunui. Hilo nalijua tangu nikiwa mgongoni. Ilikuwa juu yake kusema, au juu ya mkubwa mwenzake. Kama ningemnong'oneza Mama Feza, yeye angeinuka na hakuna ambaye angeona ubaya. Sikumkumbuka Mama Feza. Nilikumbuka sentensi tu. Nilitaka watu wajue ni zetu. Nilitaka wajue ni zangu.

Lakini sitasema kwamba nilikosea kusema. Nilikosea namna.

Tarehe 30 Januari

Kwa mjomba huendi kuomba radhi mikono mitupu wala peke yako. Unakwenda na kuku, na mtu wa kukusemea. Mama Feza alikubali kunisemea ingawa ni wa dini nyingine. Alisema kuku hana dini.

Tulitoka kwake, tukazunguka, tukaingia kwa mlango wa mbele kama wageni katika nyumba ninayolala. Nilipiga magoti. Mjomba alikaa na kisogo.

"André," Mama Feza akasema, "mutoto amevunja mtungi wako. Analeta kuku. Hapana kaa hivyo, shingo itakuuma."

Mjomba akanyoosha mkono, akampapasa kuku mbawa, kifua, miguu.

"Kuku huyu iko mudogo."

"Na kosa iko mudogo," Mama Feza akasema. "Wote wanakua ukiwaacha."

Mjomba akatoa sauti, nadhani ilikuwa kicheko alichokikata. Hapo nikazungumza mwenyewe. Nikamwambia na lile jambo la rozari: kwamba nilikuwa naomba asipone upesi. Mama Feza alitazama mlango. Nilingoja Mjomba anifukuze.

Akanigeukia. Kisha akasema, "Miye nilikuwa ninaomba usiolewe upesi. Sasa tumeomba vibaya wawili, Bikira Maria amechoka na nyumba hii." Akamkabidhi Mama Feza kuku. "Muchinje. Na muipwa wangu apike. Nina njaa ya siku sita."

Tarehe 4 Februari

Padri Odilon alikuja. Tulimpa kiti kizuri. Alisema kwamba siku mbili baada ya kusoma aliwaomba masera wawaite wale akina mama mmoja mmoja, waseme mtoto akicheua wafanye nini, na akitapika wafanye nini. Tisa kati ya kumi na mmoja walisema sawasawa, na kwa maneno ya sura yetu. Ya Gérard hakuna aliyeikumbuka ila neno la polisi.

"Kwa nini hukuniambia, André?"

"Niliogopa nyumba, Padri."

Padri alitazama dari. Alisema daktari wa macho atapita mwezi wa nne, hawezi kuahidi kitu. Alisema nyumba haina macho, na aliye ndani akae. Lakini katika orodha yake ya kazi hapana mahali pa msichana. Kuna mpishi, kuna mfuaji, kuna msaidizi wa masera.

"Andika jina langu kama lilivyo," Mjomba akasema, "na chini yake andika lake. Miye ni masikio. Yeye ni mukono na macho. Ni mutafsiri mumoja."

Padri akanigeukia. "Ernestine, Kifaransa cha kitabu kimebaki kurasa arobaini. Utaweza?"

Miezi mitano iliyopita ningesema ndiyo, Padri, nikiangalia vidole vya miguu.

"Nitaweza," nikasema. "Ila kila ukurasa uonjwe kwa akina mama kabla ya kufika kwenye mashini yako. Wakisimamisha nyungo, unarudi. Hata kama Padri anaupenda."

Mjomba alikohoa. Padri akatoa kalamu, akaandika majina mawili. Langu aliniuliza lina herufi ngapi.

Tarehe 12 Februari

Prendre: fishi thelathini na moja. Mikebe imekwisha, Mama Feza ametupatia wa nne. Mpunga umeingia nyumbani wote. Mama ameandika kutoka Kabambare akiuliza nitarudi lini. Nimemjibu kurasa mbili, na katika zote mbili hakuna tarehe.

Tarehe 21 Februari

Mado amejifungua mtoto wa kiume siku tisa zilizopita. Nilipeleka supu. Sikumwona Gérard.

Leo, Alhamisi, saa sita mchana, wakati Mjomba amelala, mtu aligonga mlango wa jikoni, ule wa nyuma ambao hutumiwa na sisi na kuku tu. Alikuwa Moniteri Gérard. Suruali haikupigwa pasi. Begani kulikuwa na doa jeupe la maziwa.

Hakuingia. Alisimama kwenye jua akatoa mfukoni karatasi ya masera, ile wanayompa kila aliyejifungua, ya Kifaransa. Alisema Mado amemwomba amsomee, naye amemsomea, naye Mado amemwambia asome kama mtu.

"Tafadhali," akasema. "Hii passer. Na hii. Na hii hapa ya tatu."

Nilileta mkebe. Tuliketi kwenye kizingiti, yeye nje, mimi ndani. Nilimwonyesha kwamba homa ikipita imekwisha, nguo ya mtoto ikipita katika maji ya moto imechemshwa, na usiku mtoto akiupita bila kulia amelala. Alinakili kila moja nyuma ya jedwali lake la wino mwekundu, kwa herufi ndogo nzuri. Alipofika la tatu alisimamisha kalamu.

"Majibu matatu," akasema.

"Na mengine manane," nikasema. "Ukitaka."

Akafunika kalamu. Akauliza kama anaweza kuja Alhamisi nyingine, saa hii hii, kwa mlango huu huu, kwa sababu sura ya mtoto mgonjwa ameisoma tena na haelewi alichoandika mwenyewe. Nikasema aje. Akafika kwenye migomba, akarudi.

"Hapana ambia mutu," alisema. Lilikuwa neno la kwanza la nyumbani nililowahi kulisikia kinywani mwake.

Nimemwahidi. Sijamwambia mtu, nimeandika tu, na kuandika si kusema. Lakini wewe uliyeshika kaye hii ukasoma mpaka hapa, sasa unajua moniteri wa darasa la tano anakwenda wapi Alhamisi saa sita. Nakuomba ukae nalo. Usimwambie Padri, usiwaambie wanafunzi wake, na ukipita uani kwa Mama Feza wakakuuliza habari za kwetu, sema unapita tu.